Waya wa Chumba cha Uani

Chamazi, 14 Juni

Kaka Cyprian,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Tunduru, na kile kifua kiwe kimeachia. Sie tunapumua, Mama anakula, ila miguu bado inamsumbua. Usishangae sikupiga simu. Simu ningeikata katikati.

Tangu moto ule, chumba chenu cha uani kimebaki kuta nyeusi. Mama alisema Eufrazia alipiga pasi sare ya kwaya, akaisahau kwenye umeme, akaenda kanisani. Nawe ukaamini, ukamrudisha mkeo kwao Ndanda.

Kaka, umeme wa chumba kile niliuvuta mimi kutoka nyumba kubwa, hatua sitini. Nilitumia waya wa moja na nusu, ule mwembamba wa taa, kwa kuwa ulibaki kazini Pugu na niliona uvivu kwenda kutafuta mnene. Wanasema mganga hajigangi. Mie hata kujaribu sikujaribu.

Shemeji alilalamika tangu Pasaka: maharage hayaivi kwenye jiko la umeme, taa inafifia friji likianza kunguruma. Nikamcheka, nikamwambia umeme wa Chamazi ndivyo ulivyo, mdogo. Siku moja nikapima kimyakimya. Kwenye mita, volti mia mbili ishirini na sita. Chumbani kwake, jiko likiwaka, mia moja tisini na tisa. Hizo ishirini na saba nilijua zinakokwenda. Zilikuwa zinageuka joto ndani ya waya, juu ya dari, kila alipopika. Nikajiambia nitabadilisha wiki ijayo.

Jumapili ile alipika tangu alfajiri, chakula cha jumuiya. Alipozima jiko na kuondoka, dari lilikuwa limeshaanza kuungua.

Mbele ya ndugu wote aliapa kwamba hakupiga pasi, kwamba pasi haikuwemo ndani. Kisha akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa. Naona aibu hata kuliandika hili: pasi yenu niliiazima mimi Ijumaa. Shemeji aliimba kwaya na sare yenye makunyanzi, na hakuna aliyeitafuta pasi kwenye majivu. Ipo hapa mezani ninapoandika.

Mama nimemweleza leo asubuhi. Jumamosi nakwenda Ndanda kuomba radhi kwa shemeji na kwa wazazi wake, na pasi naibeba. Ila wewe mpigie kabla sijafika, maana mimi nilinyamaza, lakini wewe ndiye uliyemfukuza.

Wasalimie wote wa kazini kwako. Editha na watoto wanakuamkia.

Mdogo wako niliyekukosea,
Gaspar