Madoa ya Kaka Yako

Chumba cha nyuma ya kinyozi,
Jumapili, nguo bado ziko kwenye kamba.

Mpendwa wifi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Miguu inaendeleaje, bado inavimba ukisimama sana kazini? Sisi tunaamka, tunapika, tunalala. Nikisema hatujambo usinibishie, sina nguvu ya kueleza zaidi. Lakini habari za kaka yako lazima nikueleze.

Kile kidonda cheusi cha unyayoni walikikata, kumbe saratani ilikuwa imeshapanda kinenani. Ndipo akaanzishiwa dripu. Daktari alisema dawa hii haiui saratani yenyewe, inawaamsha askari wa mwili waliosinzia ili waishambulie. Nikasema moyoni, angalau wao walipata kulala.

Basi wameamka na hasira. Kaka yako ametoka madoa meupe mikononi na mdomoni, hata kope zimekuwa nyeupe. Daktari alipoyaona alifurahi, mpaka nikaudhika. Akatueleza kwamba saratani yake ilitokana na chembe zilezile zinazotia ngozi rangi. Hizi zikipigwa, huenda na ile inapigwa. Si ahadi, ila ni dalili njema. Na madoa hayaambukizi.

Hayo wateja wake wa kunyoa hawakuyasikia. Walichungulia, wakasema watarudi, hawakurudi. Kaka yako akasema heri afe na ngozi yake. Halafu wewe nawe ukapiga simu kumwambia aachane na dripu, eti dawa gani inambabua mtu! Nilikukasirikia, wifi, sikufichi. Nililia jikoni mpaka mboga ikaungua.

Alianza hata kuogopa kunigusa. Hapo ndipo niliposhindwa. Jana niliingia kazini kwake watu wamejaa nje mtaani, nikakaa kwenye kiti, nikafungua kilemba.

"Ninyoe."

"Zote?"

"Zote. Na usinibanie, nimechoka hata kuchana."

Mwanzoni alinigusa kwa ncha za vidole tu, kisha mikono ikaikumbuka kazi. Fundi viatu wa jirani akatazama weee, akaingia kungoja zamu yake.

Sasa kuna kituko. Watu wanajua mgonjwa wa saratani hunyonyoka nywele, na kaka yako anazo zake zote, kwa hiyo pole napewa mimi. Muuza mkaa amenibebea gunia hadi mlangoni, akaniambia nijikaze. Nimepokea tu. Pole ikija siku hizi siichagui.

Dripu nyingine ni Alhamisi. Hajasema anakwenda, hajasema haendi. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni, neno lako analisikiliza kuliko langu. Mpigie. Ngozi usiitaje, mwambie aende tu. Mimi peke yangu sitamweza, na bado namhitaji.

Msalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu, asubuhi aliniona kwa nyuma akadhani mwanamume, akaniita kwa jina la kaka yako. Mungu akutunze, na miguu yako aitazame.

Kaka yako amesimama nyuma yangu, anajifanya hasomi. Anapapasa kichwa changu kwa mikono yote miwili, anasema kuna mahali alipitiwa.

Nikupendaye, kipara na yote,
Wifi yako