Halua ya Hitima

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekoroga tangu alfajiri. Bega la kulia linauma. Karai moja tu, na nusu yake imebaki. Zamani hapa Pangani hapakuwa na arusi wala maulidi bila halua yetu. Siku hizi wanataka keki.

Nimeposti picha. Chini yake alama ya reli na jina la duka: #HaluaYaBiZuhura. Mwalimu Rehema, jirani yangu, ndiye aliyenifundisha. Ukibonyeza jina lile unaona kila mtu aliyelitumia. Nimebonyeza. Picha thelathini na nane. Zote zangu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeposti nyingine. Hakuna mteja. Nimebonyeza tena. Thelathini na tisa, zote mimi. Ni kama kupiga hodi nyumbani kwako mwenyewe.

Humu hasomi mtu, basi niseme. Sitafuti wateja tu. Namtafuta dada Nasra. Yuko Maskati, na binamu ananiambia anaishi peke yake, kama mimi. Mama alipofariki alinipigia akiwa uwanja wa ndege, akaniomba nimsubiri. Wazee wakasema maiti hacheleweshwi, nami nikaona rahisi kuitikia. Alifika kaburi limeshafukiwa. Akaondoka kabla ya hitima. Mwaka wa tatu huu hapokei simu yangu. Binamu anasema mtandaoni yumo.

Bi Zuhura ni mama yetu. Nasra akiliona jina hilo atalijua.

Ijumaa, 8 Agosti

Mwalimu Rehema kapita baada ya swala. "Shikamoo mzee Seifu. Jina lako peke yake halikufikishi mbali. Tazama kinachovuma leo, ubandike na halua yako hapo."

Nimetazama. Kinachovuma: #HitimaKubwa. Maelfu ya watu wanapeana pole. Nikajua amekufa mtu mkubwa. Na kwetu hitima bila halua haijawa hitima. Nimeandika kwa adabu: "Poleni sana wafiwa. Mola amrehemu marehemu wetu. Tunapokea oda za halua ya hitima, kama alivyopika marehemu mama yetu." Picha ya karai. Alama zote mbili. Nimeridhika sana na nafsi yangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Hakufa mtu. Ni timu ya mpira imefungwa mabao matano, na mashabiki wa upande wa pili wanaisomea hitima kwa kejeli. Nimewapa pole. Nimemwombea rehema beki wa kushoto.

Nchi nzima inanicheka. "Babu, maiti ana jezi namba ngapi?" "Halua iletwe uwanjani, wafiwa wana njaa." Mwalimu Rehema amecheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio. Anasema watu hulipia tangazo na hawalipati la namna hii. Wafuasi wamejaa. Mlangoni hajagonga mtu.

Jina la mama limo katikati ya mizaha. Hilo limenichoma.

Jumatatu, 11 Agosti

Oda ya kwanza, kutoka Tanga mjini. Sinia mbili, "kwa msiba wa timu". Nimepika. Nimefunga. Nimejichukia.

Alhamisi, 14 Agosti

Oda nyingine. Nimekataa. Kama Nasra ameona, basi ameona mdogo wake, aliyemnyima mazishi, sasa anaifanya hitima ya mama kichekesho cha kuuzia halua. Nimejaribu kuifuta ile picha lakini watu wameshaisambaza kila mahali.

Kesho naifunga akaunti. Nimeshindwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Kabla ya kuifunga nimelibonyeza jina la mama, mara ya mwisho. Mamia ya picha. Jezi. Majeneza ya kuchora. Nimeteremka moja moja, kwa hasira.

Moja haina mzaha. Kisahani cha halua. Vikombe viwili vya kahawa. Mkono wa mwanamke, na pete ya mama kidoleni. Chini yake: "Seifu, iliki imezidi, naiona kwenye picha. Mama alitia kidogo, mwishoni kabisa. Hitima yake niliisoma peke yangu huku. #HaluaYaBiZuhura"

Nimekaa chini, jikoni, palepale sakafuni. Nimelia. Sikufuta kitu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeandika jibu mara tano, nikalifuta mara tano. "Nisamehe" ni neno dogo. Kuwasingizia wazee ni uongo, maana ulimi wa kukataa nilikuwa nao.

Jumapili, 17 Agosti

Karai moja. Nimekoroga taratibu. Leo kinavuma kitu kingine, sikukitazama.

Iliki kidogo, mwishoni kabisa. Nimepakua kisahani kimoja, nikaweka vikombe viwili, nikapiga picha. Nimeandika: "Dada, ilinipasa nikusubiri." Chini yake jina la mama, peke yake.

Nimeikuza picha kwa vidole nitazame. Iliki haionekani.