Kumpeleka Upendo Tanga

Jumatano, 3 Septemba

Karoti magunia kumi na manne. Mawili yamekataliwa, eti zimepinda. Nimepakia tangu saa kumi na moja alfajiri, mgongo unauma. Mchana nikaenda Rangwi kumwona mwanangu. Njiani mwendo wa saa nne kwenda na kurudi, kukaa naye dakika arobaini.

Upendo ana miaka miwili na miezi minne. Mama yake alifariki akimwacha na miezi mitatu. Tangu hapo analelewa na bibi yake, mama mkwe wangu. Nataka aje kukaa kwangu Lushoto. Nyumba ipo, vyumba vitatu, maji ndani, dada yangu jirani. Bibi anasema mwanamume anayeamka na magari ya mboga hamwezi mtoto.

Hakuniambia mimi. Mama mkwe haongei nami uso kwa uso, wala hanipi kitu mkono kwa mkono. Ndiyo heshima ya ukwe tuliyokulia, ila yeye hajaipunguza hata chembe. Kila neno linapitia kwa Neema, shemeji yangu. Mtoto pia. Bibi anampa Neema, Neema ananipa mimi.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimewaalika Tanga, kwenye bustani ya michezo ya watoto. Treni, bembea, vikombe vya kuzunguka. Nataka bibi aone kwa macho yake kwamba naweza kukaa na mtoto siku nzima. Jibu limekuja kupitia kwa Neema: atakuja, ataona, kisha atasema mtoto atakaa wapi. Akishasema, basi.

Gari nimeliosha mara mbili. Bado linanuka kabichi.

Biashara nilianza na debe moja la viazi kichwani, sikumlilia mtu. Hili linaniuma. Naomba kupewa mwanangu mwenyewe kama naomba kibali.

Jumamosi, 6 Septemba

Tumeteremka alfajiri. Bibi na mtoto nyuma, mimi na Neema mbele. Kati ya Soni na Mombo Neema katapika mara tatu. Mombo akashuka. "Shemeji, kona zako zimenimaliza. Nabaki kwa mama mdogo, mtanipitia." Uso umempauka. Nikamwacha.

Nikabaki na mama mkwe, hakuna mtu katikati. Njia nzima aliongea na mtoto. "Upendo, mwambie baba yako leo hajapakia kabichi." Nikapunguza mwendo. "Upendo, mwambie bibi nimesikia." Mtoto akacheka.

Bustanini tukapata utaratibu. Anayemshika anamweka chini, anarudi nyuma hatua mbili, anageuza uso. Mwingine anamwokota. Mara sita imekwenda vizuri.

Kwenye vikombe kuna kipimo. Wanataka sentimita tisini, Upendo ana themanini na saba. Nikabishana. Mama wa tiketi akacheka: "Baba, labda umvalishe viatu vya mama yake." Hakujua. Bibi akatazama pembeni.

Treni ndogo wakamruhusu. Tumepanda mara mbili. Alimwamkia dereva, akamwamkia na simba wa plastiki. Anasema "kamoo". Pale nilijiona baba kamili.

Mara ya saba ilikuwa kando ya foleni ya treni. Watoto wa shule mbili walikuwa wameingia kwa pamoja. Nikamweka chini, nikarudi hatua mbili, nikageuka. Bibi naye alikuwa bado amegeuka, anajua mtoto ninaye mimi. Mimi najua anaye yeye. Nilipotazama, mikono yake mitupu. Naye akaitazama yangu.

Saa saba na dakika ishirini. Mimi nikakimbilia getini, yeye kwenye bembea. Kanga ilimwanguka, hakuiokota. Aliita, "Yohana! Yohana!" Miaka sita mkwe wake, sijawahi kulisikia jina langu kinywani mwake.

Dakika kumi na moja. Upendo alikuwa behewa la mwisho, katikati ya wanafunzi, treni inazunguka, yeye ametulia kama aliyelipiwa. Treni iliposimama bibi ndiye aliyemtoa. Akambana kifuani. Kisha akaja moja kwa moja hadi nilipo.

"Mshike."

Akanitia mtoto mikononi. Vidole vyake vilikuwa baridi. Hatukutazamana.

Tukaanza kurudi. Mombo tulimpitia Neema. Akauliza kama tumefurahi. Nikawasha gari.

Jumapili, 7 Septemba

Sikwenda kanisani. Hasira. Asubuhi nzima nimemlaumu mama mkwe. Kama angenipa mtoto kama watu wanavyopeana watoto, tusingefika pale. Hadi mchana hesabu ikakataa. Wa kumweka chini nilikuwa mimi. Gunia siliachii mpaka nione limeshikwa. Mwanangu nilimwachia, nikageuka kuonyesha nina adabu.

Naandika hili nisije nikajidanganya baadaye. Jibu nalijua. Nimemkosa.

Alhamisi, 11 Septemba

Neema kapiga simu. Bibi kamsimulia yote. Alisema tuligeuka wote wawili, basi. Sikutarajia. Ameagiza niende Jumamosi, mimi mwenyewe, mpaka mlangoni, Neema asitoke. Nimeuliza kwenda kufanya nini. Neema hajui.

Nimepakia magunia tisa tu. Akili haipo.

Jumatatu, 15 Septemba

Juzi nilisimama mlangoni Rangwi. Nikaamkia. Bibi akaitikia, akaingia ndani, akatoka na Upendo na mfuko wa nguo. Alinipa mtoto kwanza, hakuachia mpaka nilipomkumbatia. Kisha mfuko. Akasema akitazama ukuta: "Wiki mbili kwako, wiki mbili kwangu. Utamleta mwenyewe, nitampokea mwenyewe."

Nilitaka mwezi mzima. Nimepata nusu. Nikasema asante, mama. Akaingia ndani.

Leo gari limeshuka na dereva wa kukodi. Ukungu haujainuka, dada bado hajaja. Upendo ameamka, kamwita bibi yake mara nne, kalia, kaacha. Nimempikia uji, umetoka mzito. Amekula vijiko tisa. Cha kumi kaninyang'anya, akanielekezea mimi mdomoni.

Nimekula.