Maji Tunayomwaga Chooni

Baba mpendwa,

Pole na upweke huko nyumbani. Kakamega mvua hunyesha kila alasiri, na leo imetukuta hospitalini. Yale maji ya dawa yanayosafisha damu ya Mama tumboni, ambayo nyumbani tunayamwaga chooni, muuguzi aliyapokea kwa mikono miwili. Wakiyapima, wanajua kama utando wa tumbo unaochuja damu umechoka. Ukichoka kabisa, Mama atahamia mashine ya hospitali.

"Kumbe nimekuwa nikimwaga habari zangu!" Mama akacheka. Mimi sikuweza.

Jibu limetoka: utando umeanza kuchoka, lakini bado unafanya kazi. Jioni amemaliza paja zima la ingokho, kuku wa kwetu. Anasema usiung'oe ule msumari wa kutundikia mfuko wake wa maji ya dawa juu ya kitanda.

Akupendaye,
Rispa