Tumebaki Sita

Nyumbani,
Meza ya jikoni,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kutanguliza habari kabla ya kukujulia hali, lakini najijua: nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe, na jambo lenyewe nibaki nalo tumboni. Shangazi, mimi nacheza raga. Sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani. Tangu mwaka jana, kila ninaposema nimebaki maktaba, huwa nimerudisha kitabu haraka haraka na kukimbilia uwanjani, na nikirudi hapa nimeshanawa mpaka ndani ya masikio. Nimetaka wewe uwe wa kwanza kulisikia kutoka kwangu. Kwa nini iwe leo, utaona mbele.

Sasa nirudi kwenye adabu. Hujambo? Mgongo unaendeleaje na kazi ya kuinua wagonjwa? Yule mzee unayemhudumia, anayekuita kwa jina la dada yake, bado anakataa kula mpaka umwimbie? Mama alipokusikia ukisimulia alicheka mpaka akafuta machozi. Sisi tu wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi tu, likishapata moto linamtii. Mdogo wangu ameng'oka meno ya mbele na sasa kila akisema neno lenye "s" anapiga mluzi bila kutaka. Baba yuko vilevile: friji za mtaa mzima zinagandisha kwa mkono wake, isipokuwa yetu.

Najua utauliza kwa nini raga, kati ya michezo yote. Baba mwenyewe akiiona kwenye televisheni huiita ugomvi wenye refa. Mimi nilienda kwa sababu mwalimu wetu wa kemia, ambaye aliicheza alipokuwa chuoni, aliniomba nimshikie saa. Alikuwa anaanzisha timu ya wasichana. Siku moja msichana mmoja hakuja, Mwalimu akaichukua saa mkononi mwangu, akasema, "Ingia, ujaze nafasi tu." Sijatoka tangu siku hiyo.

Kuna kitu kinaitwa skramu. Watatu wetu tunashikana mabega, tunainama, tunakutana na watatu wa upande wa pili, kisha tunasukumana huku mpira ukiwa katikati ya miguu yetu. Mimi ndiye wa katikati, jezi namba mbili. Kazi yangu ni kuurudisha mpira nyuma kwa mguu. Wewe unanijua. Nikiulizwa swali darasani shingo inapata moto. Lakini mle ndani hakuna anayekutazama usoni, wala hakuna anayetaka useme kitu. Wapo wawili wamekushika, na wewe umewashika. Sijawahi kujisikia salama namna hiyo mahali pengine, hata kitandani na kitabu.

Aliyenishika upande wa kulia alikuwa Greda. Tunamwita hivyo kwa sababu akishapita, kama lile greda la barabarani, nyuma yake panabaki sawa. (Mimi wananiita Kamusi, usicheke.) Greda analelewa na bibi yake, ambaye ni fundi cherehani. Macho ya Bibi yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo Greda akitoka shuleni humtungia uzi, hushona matundu ya vifungo na kumalizia pindo. Bila yeye, nguo haitoki dukani.

Sasa jezi zetu. Tulizirithi kwa wavulana wakubwa. Yangu ilinifika karibu na magoti, mikono yake ikanipita viwiko, na hata nikiichomeka kwenye kaptura ilijaa upepo nikikimbia. Tulikuwa tunazicheka tu. Mwezi uliopita tukiwa mazoezini nilipewa mpira nikakimbia, Greda akaja nyuma yangu kunikaba. Alinikosa kiuno akakamata kitambaa. Mwalimu ametufundisha kutosimama mpaka tuanguke, basi nikaendelea kukimbia. Kidole chake kilikuwa kimejizungusha ndani ya mikunjo ya jezi yangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kamusi, simama."

Kilivunjika. Kidole cha pete, mkono wa kulia, ule wa sindano.

Bibi yake alikuja shuleni siku ya pili yake, akamshukuru Mwalimu kwa kumpeleka mtoto hospitali, kisha akasema basi, mjukuu wake hatacheza tena. Hakugomba. Ningeona afadhali angegomba.

Raga yetu ni ya wachezaji saba, na tulikuwa saba kamili, bila wa akiba. Mwalimu wa michezo, ambaye ndiye anayegawa uwanja, alikuwa ameshatuambia kwamba timu isiyofika saba mpaka siku ya mashindano itaachia ile kona yetu ya karibu na geti, wapewe wavulana wa madarasa ya chini. Kona yenyewe mvua ikinyesha inakuwa dimbwi, lakini ndiyo tuliyo nayo.

Mwalimu wa kemia akanituma kidato cha kwanza kutafuta wasichana. Anaamini mtu anayesoma sana anajua kuongea. Nilisimama mbele ya darasa, nikasema tunatafuta msichana wa kucheza raga. Mmoja akauliza, "Dada, raga si ile ya kukanyagana?" Nikasema hapana. Halafu nikakumbuka, nikasema, "Kidogo." Darasa zima likaangua kicheko. Mwingine, mdogo kuliko mkoba wake, akasema, "Mimi nitakuja, ila mimi nishike saa." Nilitaka kumwambia hata mimi nilianza hivyo, lakini kengele ikalia. Hakuja mtu.

Ndipo wenzangu wakaamua niende kwa Bibi. Nilijaribu kukataa. Wakaniambia, "Wewe una maneno mengi kichwani, toa machache tu." Walinisindikiza mpaka kona ya duka lake, wakabaki pale. Nilikuwa nimeikariri hotuba njia nzima. Ilianza na heshima, ikaenda kwenye afya, ikaishia kwenye mustakabali wa mtoto wa kike. Nimeisahau yote sasa, kama nilivyoisahau pale mlangoni.

Chumba kina cherehani ya miguu, dirisha moja, na sare za shule zinaning'inia ukutani bila vifungo. Greda alikuwa amekaa chini, kidole kimefungwa pamoja na kidole cha pembeni kwa bandeji, anajaribu kutunga uzi kwa mkono wa kushoto. Aliponiona akainamisha macho.

"Wewe ndiye Kamusi?" Bibi akauliza.

"Ndiyo, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Haya, sema."

Shangazi, nilisimama pale kama mwiko. Bibi akangoja, akangoja tena, mwisho akanisogezea mto wa sindano. "Basi kama huna maneno, una macho. Nitungie hizi."

Nikakaa chini kando ya Greda nikatunga, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha. Bibi alikuwa anapapasa pindo la sketi, na alipoongea hakuinua kichwa. "Huyu ndiye macho yangu. Hicho kidole kikipona, kinapona kwa ajili ya sindano. Mpira utanisamehe."

Nilitafuta la kumjibu. Kwenye vitabu daima kuna mtu anayepata la kujibu. Mimi sikupata, na hata sasa nikifikiri sipati, kwa sababu alichosema ni kweli, na ninachokitaka mimi nacho ni kweli, na havikai chumba kimoja.

Halafu akauliza, "Iko wapi hiyo nguo iliyomkamata?"

Ilikuwa kwenye begi langu. Akaipokea, akaipitisha vidoleni, akaifinya ubavuni, akafinya tena, akacheka peke yake. "Nani kawavisha magunia? Ivae." Nikaivaa juu ya sare. Akajaza pini mdomoni, akawa anabana huku na huku akinizungusha. "Simama wima. Mbona unajikunja kama mwili umeuazima?" Kisha akakaa kwenye cherehani, na Greda akawa anamwelekeza kwa mkono wa kushoto: kulia kidogo, Bibi, hapo hapo, nyoosha. Walishona pamoja namna hiyo, mmoja macho, mmoja mikono. Sikuwahi kumwona Greda akiwa mpole hivyo.

Nilipotoka, wenzangu walinizunguka. "Amekubali?"

"Amekataa."

"Sasa mbona umekaa muda wote huo?"

"Ameipunguza jezi yangu."

Wakanitazama. Mmoja wao, mkimbiaji wetu, akapiga makofi. "Tumekutuma ulete mtu, umerudi na nguo!" Tulicheka sote, halafu kicheko kikakatika, kila mtu akashika njia ya kwao.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya mashindano. Tulicheza tukiwa sita. Kushoto kwangu alikuwepo wa siku zote. Mahali pa Greda aliwekwa mkimbiaji, ambaye ana mbio lakini hana kilo, na kila skramu ilipoanza tuliangukia upande wa kulia kama ukuta uliotolewa tofali. Mwalimu alikuwa akituita tunyanyuke, tukinyanyuka tunaanguka. Matokeo sitakuandikia. Greda alikuwa amesimama nje ya mstari akiwa na sare, ameshika chupa zetu za maji, anapaza sauti, "Mshike kwapani, si begani! Kwapani!" na mkimbiaji anajitahidi, na hawezi, na si kosa lake.

Mara moja tu nilipata mpira nikiwa na nafasi. Msichana wa upande wa pili akanifuata, nikausikia mkono wake ukinigusa ubavuni, ukateleza. Hakupata kitambaa cha kushika. Nikaendelea hatua kadhaa, kisha mwenzake akanizungushia mikono mapajani, vizuri kabisa kama tunavyofundishwa, akanilaza chini. Hakuna aliyeumia. Nilipoinua kichwa nilikuwa karibu na mstari, na Greda alikuwa pale pale. Hakuwa ananitazama usoni. Alitazama ubavu wa jezi yangu, halafu akatazama kidole chake. Nikainuka, nikarudi kwa wenzangu.

Baada ya mchezo Mwalimu wa michezo akatuambia, bila ubaya wowote, kwamba kuanzia Jumatatu kona ni ya wavulana. "Mkifika saba, njooni tuongee." Mwalimu wa kemia akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kuokota koni. Nilimsaidia kuzibeba. Mjuzi kama yeye, mtu mzima, naye hakuwa na la kusema. Hilo ndilo lililonivunja nguvu kuliko kufungwa.

Sikuandikii ili utume kitu, Shangazi, wala ili umpigie Baba simu. Sijui hata ningetaka umwambie nini. Mama anakusalimu sana, na anauliza kama lile koti lilikutosha. Baba anasema dada yake mkubwa asisahau kupumzika. Mdogo wangu anakusalimu kwa mluzi. Wasalimie wenzako wa kazini, na yule mzee mwimbie moja kwa niaba yangu. Mungu aushike mgongo wako, akurudishe kwetu ukiwa umenyooka.

Nikueleze nilichofanya leo, kisha niishie hapo. Baada ya Baba kuondoka kwenda kutengeneza friji ya mtu, niliifua jezi. Siku zote huianika nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo hakuna anayepita, na huwa inachukua siku mbili kukauka. Leo niliichukua ikiwa inachuruzika, nikaipeleka kwenye kamba ya mbele, ile inayovuka njia ya kuingilia, ambayo Baba huinama kila akirudi. Nikasogeza ovaroli zake pembeni. Nikaibana mabegani, namba ikitazama geti, nikaunyoosha ule mshono wa Bibi usije ukakunjamana. Halafu nikaingia ndani, nikafuta meza, nikaanza kukuandikia.

Mimi, mtoto wa ndugu yako, nikupendaye daima,

Kamusi