Ua la Mzee Khatibu Limepungua Jani

Mpendwa Bi Dhahabu, nakujia kwa msaada. Mimi nina miaka themanini na mmoja, nimewazika mafundi wote wa nakshi wa rika langu, feri za Likoni zimezeeka moja baada ya nyingine nami bado nashika patasi, na hapa Mtongwe hakuna mlango wa maana usiopitiwa na mkono wangu, wala sijisifu. Sasa pamefunguliwa pale Likoni karakana ya umma, mashine inachonga mbao kwa kompyuta, kuingia bure, sharti lao mchoro wako ubaki mle na kila ajaye autumie. Nikaenda kuwaonyesha kazi. Purity, binti anayefundisha mle, akaniomba ua langu la majani saba nililorithi kwa babu, nami kwa desturi yetu mafundi, mgeni humpi kazi yote, nikamchorea majani sita, la saba nikaacha pengo. Mashine haina haya, ikachonga na pengo lake, kama jino lililong'oka. Nikacheka moyoni. Lakini wallahi sasa vijana wamelichukua, liko kwenye milango ya Kisauni, vitanda vya Changamwe, hata hoteli moja ya Nyali, na mchoro wameuita "Ua la Mzee Khatibu", na jirani yangu Ziro kaniuliza, "Mzee, macho yameanza kufifia lini?" Nikilirekebisha, siri ya babu imekwisha. Nikiliacha, nitakufa na jina lenye pengo, na wanangu patasi hawaitaki. Nifanyeje? Kama waona nakudanganya, muulize mke wangu Mwanatumu.

Mzee wangu, shikamoo. Pole, ingawa pole kubwa nampa Purity. Ulitega mtego ukanasa mwenyewe. Mashine haikukukosea, ilikuamini. Na hao vijana wangeweza kuandika majina yao, wakaandika lako. Siri usiyomwachia mtu utazikwa nayo, na kaburini hakuna milango.

Nimemuuliza Bi Mwanatumu kama ulivyoagiza. Alicheka mpaka nikamngoja. "Siri gani, mwanangu? Ua hilo nalishona kwenye kofia tangu nilipoolewa. Nusu ya wanaume wa Likoni wanaswali nalo. Yeye mwenyewe alikwenda karakana amelivaa, majani yote saba."

Basi Jumatatu rudi. Mwambie Purity umekuja kumalizia kazi, hadithi ndefu hazihitajiki. Jani la saba lichonge kwa mkono wako, waone patasi inaingilia wapi, maana hilo mashine haijui. Na wakikuomba mchoro, vua kofia.