Kiti cha Mjomba Penye Chungu

Amalemba, Kakamega

Mama yangu,

Shikamoo. Kile kikohozi kimekuachia? Na goti je, bado linakusumbua ukiinuka kuswali? Mimi mwili wangu ni mzima, na kazi ya kuweka nyaya za umeme majumbani ipo, ila mvua ya huku kila alasiri hutufukuza kutoka juu ya mapaa kama tumeiba. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu ukisikia tu sauti yangu imekwama unaanza kulia, na ukilia wewe mimi nasahau nilichotaka kusema. Habari yenyewe ni ya kakako, Mjomba Rashidi. Yu hai. Keti kwanza, usome polepole.

Alijikata na jembe juu ya kidole gumba cha mguu, akipalilia mahindi nyuma ya nyumba yake kule Khayega. Akafunga kitambaa, akaendelea kupalilia. Unamjua. Mguu ulipovimba nilimpeleka kwenye zahanati moja ndogo, akapewa vidonge vya kuua vijidudu. Muuguzi akamwambia, "Mzee, usichanganye hii dawa na pombe." Mjomba akaitikia kwa adabu hata nikafurahi.

Kumbe alitii kwa namna yake. Siku akienda kunywa busaa, pombe ya nafaka ya huku, vidonge alikuwa havigusi kabisa. Nilipomuuliza mbona kidonda kinatoa harufu na dawa zimejaa pakitini, alinitazama kama mimi ndiye mjinga. "Si alisema nisichanganye? Sichanganyi." Na siku za busaa, Mama, ni karibu zote.

Najua unavyokunja uso ukisoma hapa, lakini usimhukumu haraka. Wazee wa huku hunywa kutoka chungu kimoja kwa mirija mirefu, na kila mmoja ana mrija wake na kiti chake. Mjomba aliishi hapa miaka na miaka akiitwa Mpwani, hana ukoo, hana mtu wa kumwita ndugu. Walipomaliza kumzika mkewe ndipo Mzee Lihanda, jirani yake, alipomshika mkono akamkalisha penye chungu na kumpa mrija. Toka siku hiyo haitwi Mpwani tena. Kwa hiyo ukimwambia aache busaa, yeye hasikii habari ya pombe hata kidogo. Anasikia unamwambia arudi kuwa mgeni.

Nikampeleka kwa daktari, kijana mmoja mpole. Akasema kwa vidonge vile, busaa haifai, lakini kuvikatizakatiza ndiko kunakokiozesha kidonda. Hata akiwa amekunywa, bora ameze. Nikamshika Mjomba bega nikamrudishia maneno yale kwa sauti kubwa: "Hata ukinywa, meza!" Akacheka, akasema daktari huyu ndiye ana akili.

Kidonda hakikusikia. Daktari akabadilisha dawa, na safari hii akaonya kwamba hizi mpya hazipatani na pombe hata tone, mpaka ziishe na siku kadhaa zipite. Nilimweleza Mjomba njia nzima tukirudi. Alikuwa akiitikia "naam, naam", na mimi nikaridhika. Kesho yake akaenda penye chungu, akanywa, akatoa kidonge mfukoni, akakimeza mbele ya wenzake. Akawaambia mpwa wake ameagiza hivyo.

Walimleta nyumbani kwake wamempakata kwenye bodaboda, ametapika hadi nyongo, uso umemwiva, moyo unamwenda mbio. Nilidhani namzika. Alipotulia, Mzee Lihanda akaninyooshea kidole. "Wewe kijana, hiyo dawa yako ilitaka kuua mtu yetu. Sisi tunakunywanga na yeye miaka mingi, busaa haijamwangusha hata siku moja." Wakavitupa vidonge chooni. Kila neno nililomwambia alilifuata, na kila alipolifuata alizidi kuumia.

Nilinunua vingine. Hakuvitaka. Daktari aliutazama mguu, halafu akaniambia kando kwamba mambo yakiendelea hivi atapelekwa hospitali kubwa, na huko kidole hakitabaki, pengine hata mguu. Nikaenda kuwapigia magoti wale wazee wasimpe busaa mpaka apone. Mama, ni watu wema, usiwaone vibaya. Mzee Lihanda alisema, "Basi aje tu akae na sisi. Tutampikia chai." Nikamwona Mjomba akienda kwa fimbo, nikashukuru Mungu.

Alirudi upesi, kabla mvua haijaanza. Alikaa kitandani, hakuvua hata kofia.

"Wamenipa chai, Bakari," akasema. "Kwa kikombe chenye sahani. Chai hupewa mgeni."

Nilimwashia jiko nikakaa naye tu.

Siku mbili hakusema nami. Ya tatu aliniita, akautoa mrija wake ukutani, akanipa. Akasema mguu haumfikishi tena, lakini kiti kisikae tupu. Nikikaa mimi badala yake, yeye atameza dawa zote na hatagusa busaa mpaka apone. Nikakubali kabla hajamaliza.

Basi mwanao, ambaye hajawahi kuonja pombe, kila jioni akitoka kazini anapanda hadi Khayega kukaa na wazee penye chungu, ameshika mrija usioingia chunguni. Wananitania, wananiita mjomba mdogo, wananipa obusuma, ugali wao, na mboga. Wameridhika. Lakini Mama, nikiwa pale simwoni Mjomba. Nikirudi nyumbani kwake namkuta amelala amegeukia ukuta, na ninapouliza kama amemeza, anasema amemeza. Jana nilinusa blanketi lake kama mke mwenye wivu. Harufu ya kidonda imezidi kila harufu nyingine, sikujua kama amekunywa au hajanywa. Nimemwamini kwa sababu sina la kufanya.

Nimechoka, na naogopa. Nikikaa naye, kiti kiko tupu na ahadi imevunjika. Nikikaa kwenye kiti, yeye yuko peke yake na vidonge. Hapa kunahitajika watu wawili, na mimi ni mmoja.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe, na dada mdogo, mwambie vitambaa alivyoniagiza nimevipata. Msalimie bibi, mama yenu wewe na Mjomba, lakini haya ya mguu usimsomee. Mjomba mwenyewe anakusalimu. Hajui nimekuandikia, kila siku huniuliza kama goti lako linaweza safari ndefu, kisha husema, "Usimsumbue dadangu."

Sumbuka tu, Mama. Njoo. Usilete dawa wala maneno ya kumwambia, ameshapewa mengi. Njoo ukae karibu naye saa ninazokaa kwenye kiti chake.

Mwanao akupendaye,
Bakari